Afadhali Kona za Milimani

Likizo imekaribia, na katika mabweni mazungumzo ni ya safari tu. Wengine wetu tutarudi nyumbani Nakivale, mwendo wa saa moja na nusu au saa mbili kutoka Mbarara, kadiri ya mvua na matope. Wengine watakwenda mbali zaidi, mpaka Masaka na Kampala, kwa jamaa zao. Juma lililopita, baada ya chakula cha jioni, tulibishana sana juu ya njia hizi. Mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Kabale, alisema ya kuwa njia ya kuogopwa ni ile ya kwao, yenye kona na mabonde, lakini hii ya kutoka Mbarara kwenda Kampala ni kitanda, mtu aweza kulala usingizi mpaka Busega. Wote wakacheka. Mimi sikucheka, maana neno hilo la kitanda ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Katika njia hiyo hiyo nimekwisha kuona mtu akilala usingizi, na mtu huyo alikuwa dereva wetu.

Rai yangu ni hii: barabara ndefu iliyonyooka yafaa kuogopwa kuliko ya milimani, na abiria amwonaye dereva akisinzia, kisha akanyamaza, ana sehemu yake katika hatari ile. Najua baadhi yenu hamtakubali. Nipeni nafasi nieleze.

Wenzangu waliotoka Congo wazijua njia za milima. Mimi nilizaliwa upande wa Rutshuru, na tangu utoto niliona ya kuwa lori likipanda mlima, utingo hufuata nyuma kwa miguu, amebeba kigogo mkononi, tayari kukitupa chini ya gurudumu lori likirudi nyuma. Dereva wa mlimani hasinzii. Hawezi kusinzia. Kila dakika ana usukani wa kuzungusha, gia ya kubadili, honi ya kupiga kabla ya kona, na bonde upande mmoja linamtazama. Hofu yenyewe ndiyo inayomkesha. Abiria nao hukesha pamoja naye. Wengine husali kwa sauti, wala hakuna awachekaye.

Njia ya nchi wazi humnyang'anya dereva kazi yake. Mguu mmoja umekaa mahali pamoja, mikono imekaa mahali pamoja, sauti ya injini ni moja, na jua limepiga kioo. Sitaki kusema uongo: njia ya Mbarara kwenda Masaka si tambarare kama meza, ina vilima vyake vya kupanda polepole na kushuka polepole. Lakini ukitoka Mbarara ukapita Biharwe, nchi inafunguka. Ni majani, migunga, ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, na lami inayokwenda mbele yako kama uzi mpaka karibu na Lyantonde. Pale Biharwe kuna mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, nami namshauri kila mwanafunzi wa historia autazame vizuri, maana baada ya hapo, isipokuwa punda milia wa upande wa Sanga, kwa muda mrefu hapana kitu cha kutazama.

Katika Australia kuna barabara iitwayo Eyre Highway, na kipande chake kimoja kimenyooka kwa kilomita 146 bila kona hata moja. Sisi hatuna njia kama hiyo. Lakini ya Australia hupita katika nchi isiyo na watu. Ya kwetu yapita katikati ya watu. Dereva amekwisha kuchoka kwa ajili ya unyofu wa njia, na papo hapo anatokea mtoto mwenye dumu la maji, mchungaji na ng'ombe 30, baiskeli yenye matoke, na bodaboda anayeingia barabarani bila kutazama nyuma.

Bwana Mwalimu wetu wa fizikia alitupa hesabu ambayo napenda kila msomaji aifanye mwenyewe. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, katika kila sekunde linapita karibu mita 28. Mtu akisinzia kwa sekunde nne tu, muda wa kusema "Salamu Maria" nusu yake, gari limekwisha kwenda mita 111. Huo ni urefu wa uwanja wetu wa mpira na zaidi kidogo, nalo limekwenda bila mtu kuliongoza. Tena, magari mawili yakija uso kwa uso, moja kwa 100 na jingine kwa 80, yanakaribiana kwa mita 50 kila sekunde. Ndiyo maana dereva atakaye kulipita lori la trela hapaswi kuona njia nyeupe mbele akaridhika. Gari la mbali, ambalo laonekana dogo kama kopo, liko karibu kuliko adhaniavyo.

Na mchana wa jua kali macho yenyewe hudanganywa. Mtaona mbele maji yanameremeta juu ya lami, na mkifika hapana maji. Hayo ndiyo mazigazi. Hewa iliyo karibu na lami ina moto kuliko ile ya juu, nayo hupinda nuru ya mbingu, hata jicho likadhani ni dimbwi. Gari litokalo katika mazigazi huonekana kama linaogelea, na ni vigumu kujua liko umbali gani.

Kuna udanganyifu mwingine ambao niliujua baadaye kwa kuwauliza madereva pale Mbarara. Jicho likizoea kwenda kwa kasi muda mrefu, mwendo wa kilomita 60 laonekana kama kutambaa. Kwa hiyo dereva akifika mjini, tuseme Lyantonde, hudhani amepunguza mwendo, kumbe bado anakimbia. Matuta ya barabarani ndiyo yanayomkumbusha, na abiria wa kiti cha nyuma hukumbushwa kwa kugonga kichwa darini. Tuyachukie matuta kama tupendavyo, lakini nadhani yameokoa watoto wengi wa shule kuliko vibao.

Sasa niseme machache kwa wale ambao hawajapata kusafiri njia hii. Toka Mbarara mpaka Kampala ni kama kilomita 270. Mtakutana na malori mengi, maana hii ndiyo njia ya mizigo itokayo bandari ya Mombasa kwenda Rwanda na Congo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mkiona matawi ya miti yametupwa juu ya lami, msidhani ni upepo. Ni alama ya kuwa lori limeharibika mbele. Mara nyingi lori huondoka, matawi yakaachwa, na kwa sababu hiyo madereva wengine wamezoea kuyadharau. Siku ambayo lori lipo kweli, tena usiku, bila taa, ndiyo siku ya msiba. Mtavuka Masaka, ambako majira ya senene yakifika, hasa mwezi wa Novemba, watauza senene madirishani. Kisha Lukaya, penye nyama ya kuchoma na kuku, na kinamasi kirefu. Wazee wanapakumbuka kwa vita vya Machi 1979 kati ya majeshi ya Tanzania na ya Amin. Karibu na hapo, Mei 2023, mafuriko ya mto Katonga yaliharibu barabara, magari yakazungushwa kwa njia ya Gomba na Sembabule. Kwa hiyo msisafiri bila maji na chakula kidogo, hata kama kondakta anaapa ya kuwa mtafika saa saba. Kayabwe mtavuka ikweta, nako kila mtu anataka picha.

Neno moja kwa wenzangu waliofika Nakivale karibuni. Katika Congo, Rwanda na Burundi magari hupita upande wa kuume. Hapa Uganda, kama Kenya na Tanzania, hupita kushoto. Mkishuka garini mkataka kuvuka, macho yenu ya zamani yatatazama upande usiofaa kwanza. Mimi nimeishi hapa miaka minane, na bado siku nyingine nashikwa na kosa hilo. Tazameni pande zote mbili, kisha mtazame tena.

Nirudi kwa dereva wetu.

Ilikuwa Desemba mwaka jana. Nilikuwa natoka Kampala, nilikokwenda kumsalimu mjomba wangu, narudi Mbarara ili nipate gari la Nakivale kabla ya giza. Tulipanda taksi ya abiria 14, lakini tulikuwa 17, bila kuhesabu watoto wa kupakatwa. Mimi nilikaa nyuma ya dereva, safu ya pili, mahali ambapo niliweza kumwona katika kioo. Tulisimama Lukaya, dereva akala wali na nyama, akanywa soda, tukaendelea. Masaka tukapita. Lyantonde tukapita. Ilikuwa kama saa tisa mchana, na garini kimya. Kila mtu alikuwa amelala au anatazama simu yake.

Nikaona macho yake katika kioo. Yalifumba, yakafumbuka. Nikadhani ni vumbi. Yakafumba tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, na kichwa kikashuka kidogo kama mtu anayeitikia salamu. Gari likaenda pembeni kidogo, likarudi. Nilijua kabisa ninachokiona. Moyo ulinidunda mpaka masikioni. Na kinywa changu, wasomaji, hakikufunguka. Nilijiambia, huyu ni mtu mzima, anaijua kazi yake, mimi ni mwanafunzi, tena mkimbizi, nitamwambiaje? Nilimtazama kondakta, naye alikuwa amelala, mdomo wazi. Nikaanza kuhesabu, kana kwamba kuhesabu kungesaidia.

Gurudumu la kushoto likaingia kwenye changarawe ya pembeni, mawe yakapiga chini ya gari. Hapo mama mmoja Mrundi, aliyekaa dirishani na mtoto mgongoni, akapiga kelele:

"Wewe dereva! Mwanangu! Unalala!"

Dereva akashtuka, akalirudisha gari barabarani. Lori lililokuwa likija lilipita nasi, na upepo wake ukatutikisa.

"Silali, mama," akasema. "Nafikiri tu."

"Basi ufikiri ukiwa umesimama," mama akamjibu. "Simamisha gari."

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Dereva alikuwa tayari kusimama. Ni abiria waliokataa. Bwana mmoja aliyevaa koti alisema tumekwisha kuchelewa, ana mkutano Mbarara. Dada mmoja akasema gari lake la Ntungamo litamwacha. Mwingine akacheka, akasema mama huyu ni mwoga, njia yenyewe imenyooka, hata mtoto aweza kuendesha. Watu walewale ambao dakika moja kabla walikuwa karibu kufa, sasa walikuwa wanahesabu dakika. Mama hakujibizana nao. Alisema tu, "Mimi nashuka," akaanza kufunga kanga yake na kutafuta kuku wake chini ya kiti. Basi dereva akasimama chini ya mgunga mmoja. Akanawa uso kwa maji ya dumu, akaweka kichwa juu ya usukani, akalala kama dakika 20. Tulipoondoka alikuwa mtu mwingine kabisa, hata akawa anasimulia habari za mpira.

Tulipofika Mbarara alimsaidia mama kushusha mizigo yake. Nilimsikia akimwambia, "Mama, asante. Niko barabarani tangu saa tisa ya usiku. Hii ni safari yangu ya tatu."

Maneno yale yalinizuia nisimchukie. Madereva wengi wa taksi hawana gari lao. Kila jioni hawana budi kumpelekea mwenye gari fedha ya siku, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Asiyefikisha fedha hiyo hupoteza gari kesho yake. Mtu wa namna hii hataki kulala usingizi. Usingizi unamchukua tu. Nao una saa zake. Madaktari wasema mwili wa mwanadamu hulegea zaidi kati ya saa nane usiku na alfajiri, tena kidogo kati ya saa nane na saa kumi mchana, hata kama mtu hakula sana. Redio haiuondoi, wala dirisha wazi haliuondoi, isipokuwa kwa dakika chache. Dawa yake ni kusimama na kulala kidogo. Dakika 20 za yule dereva zilikuwa ndiyo dawa yenyewe, wala hakuna mkutano ulioharibika. Yule bwana mwenye koti nilimwona baadaye amesimama nje ya duka anakunywa chai.

Lakini mimi ndiye ninayenisumbua. Niliona kabla ya mama. Nilikaa karibu kuliko yeye. Najua Kiswahili vizuri kuliko yeye, na Kinyankole kidogo. Nikanyamaza. Nimejiuliza sana sababu, nami nimeona si woga wa kufa. Ni adabu, au kitu kilichovaa nguo ya adabu. Sisi tuliolelewa Nakivale tumefundishwa kuwa wageni wema. Makazi yale yalifunguliwa tangu miaka ya 1958 hadi 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda, na tangu hapo yamepokea Wacongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na kila mzazi humwambia mwanawe, usilete maneno katika nchi ya watu. Ni neno jema. Lakini sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mkimbizi ruhusa ya kusafiri katika nchi, nayo nauli yangu haikuwa ndogo kuliko ya yule bwana mwenye koti. Damu yangu nayo ingekuwa rangi ile ile barabarani.

Wenyeji nao wana kimya chao. Mwenzangu Mganda ameniambia ya kuwa kwao kijana hawezi kumkosoa mtu mzima mbele za watu. Sawa. Sisemi tuwatukane madereva, wala tupige makelele kila gari likitikisika. Yule mama alisema "mwanangu" hata alipokuwa amekasirika. Kijana naye aweza kusema, "Ssebo, samahani, naomba tusimame kidogo, nimebanwa na haja." Hakuna dereva akataaye hilo, naye akishuka hupata hewa. Pengine Bwana Mwalimu wa dini atasema ni uongo. Mimi nasema mtu akifika chini ya mti, haja hupatikana.

Na ninyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, ambao sasa mna motokaa zenu, nawaomba radhi kwa kuwataja. Kila mwaka katika sikukuu ya shule mwaja wengi kutoka Kampala, nasi twafurahi sana kuwaona. Lakini wengi wenu hutoka kazini Ijumaa jioni, mkaendesha usiku, mkafika macho mekundu, mkatuambia kwa majivuno ya kuwa mmetumia saa tatu na nusu. Sisi wadogo twawapigia makofi. Mwaka huu sitapiga makofi. Laleni Masaka mje mchana. Masaka ni jiji tangu Julai 2020 kama Mbarara yetu, na vitanda viko. Ibada ya asubuhi tutawasubiri.

Yule mwenzangu wa Kabale amesoma karatasi hii kabla sijaipeleka kwa mhariri. Amesema bado anaogopa zaidi kona za kwao. Nimemwambia aogope, ndivyo inavyofaa. Na siku atakapopanda gari la Kampala achukue hofu ile ile aende nayo. Mimi nitasafiri juma la kwanza la likizo. Nimekwisha kumpigia mjomba simu kumwambia nitaondoka asubuhi baada ya chai, si alfajiri, wala asinihesabie saa. Nitakaa safu ya pili, nyuma ya dereva, mahali penye kioo.